Kinachoweza Kuachwa: Historia ya Ubanaji wa Picha za Kidijitali

Picha ya kidijitali, kabla ya kufanyiwa jambo lolote, ni jedwali la namba. Uso wake umegawanywa katika nukta ndogo za mraba zinazoitwa pikseli, na kila pikseli hubeba namba tatu zinazoeleza kiasi cha wekundu, kijani na buluu kilichomo ndani yake. Kwa kuwa kila namba kati ya hizo kwa kawaida huchukua baiti moja, picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000, ambayo ni ya kawaida kwa kamera ya simu, inahitaji baiti milioni 36 ili ielezwe kikamilifu. Hata hivyo simu hiyohiyo huihifadhi katika faili la megabaiti chache tu, na ikishawekwa mtandaoni au kutumwa kwa ndugu, mara nyingi husalia na kilobaiti mia moja au mia mbili. Zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa awali imetoweka, na mtazamaji hana habari.

Kazi hiyo ya kupunguza, ambayo wataalamu huiita ubanaji, ina umri mkubwa kuliko mtandao wenyewe, na katika historia yake maswali mawili yamekuwa yakirudi kila kizazi: nini kinaweza kuachwa bila jicho kugundua, na nani mwenye mamlaka juu ya njia ya kukiacha. Swali la kwanza lilijibiwa na wanahisabati na wahandisi. La pili liliangukia mikononi mwa wanasheria, wafanyabiashara na watu waliogawa kazi yao bure, na jibu lao ndilo lililoamua ni aina gani ya faili itakayojaa katika simu za dunia nzima.

Haja ya kupunguza ilijitokeza mara picha zilipoanza kusafirishwa kwa waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magazeti ya London na New York yalianza kupelekeana picha kupitia waya wa telegrafu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki, kwa mfumo ulioitwa Bartlane kutokana na majina ya waasisi wake wawili, Harry Bartholomew na Maynard McFarlane. Picha ambayo kwa meli ilichukua zaidi ya wiki moja sasa ilifika kwa muda usiozidi saa tatu, lakini kwa gharama: vivuli vyote vya kijivu vilivyomo kati ya weusi na weupe vilipunguzwa vikawa ngazi tano tu, kila ngazi ikiwakilishwa na matundu yaliyotobolewa katika utepe wa karatasi. Mwaka 1929 ngazi ziliongezwa hadi 15. Magazeti yaliridhika nazo, kwa sababu msomaji humtambua mwanasiasa au bondia hata pale sehemu kubwa ya picha yake imetupwa njiani.

Kompyuta ilipokea picha ya kwanza iliyogawanywa katika pikseli mwaka 1957, katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, pale Russell Kirsch na wenzake walipounda skana yenye ngoma inayozunguka, wakaiunganisha na kompyuta iliyoitwa SEAC, kisha wakaingiza picha ya mtoto wake mchanga. Picha hiyo ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, na kila pikseli ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine haikuwa na nafasi ya zaidi. Kirsch alikuja kusema uzeeni kwamba kuzifanya pikseli kuwa za mraba lilikuwa kosa ambalo dunia imelirithi, ingawa hakuna aliyefanikiwa kulibadili.

Nadharia ilikuwa imetangulia mashine. Mwaka 1948 Claude Shannon, mtafiti katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba habari inaweza kupimwa kwa hesabu, na kwamba ujumbe wowote wenye mambo yanayotabirika hubeba mzigo wa ziada unaoweza kuondolewa pasipo kupoteza chochote. Miaka mitatu baadaye David Huffman, mwanafunzi wa chuo cha MIT ambaye mwalimu wake Robert Fano alimpa hiari ya kufanya mtihani au kuandika insha, alichagua insha, na ndani yake akagundua njia bora ya kutoa misimbo mifupi kwa alama zinazotokea mara nyingi na misimbo mirefu kwa zile za nadra. Faida yake ni rahisi kuiona katika maandishi ya Kiswahili, ambamo irabu a hujirudia karibu katika kila neno, ilhali x haionekani ila katika majina ya kigeni: kuzipa herufi hizo mbili nafasi sawa ya biti nane, yaani tarakimu nane za sifuri na moja, ni ubadhirifu.

Ubanaji wa namna hii huitwa ubanaji usio na hasara, kwa sababu faili likifunguliwa hurejea kama lilivyokuwa, nukta kwa nukta. Kwa maandishi unatosha kabisa. Kwa picha za kamera hautoshi, kwa kuwa ngozi ya uso, majani ya mwembe na mawingu havina marudio kamili. Kila pikseli hutofautiana kidogo na jirani yake, na tofauti hizo ndogondogo huizuia hesabu isipunguze uzito kupita nusu hivi. Ili picha ipungue mara kumi au ishirini, ilibidi kitu fulani kitupwe moja kwa moja, na kutupa kwa busara kunahitaji kwanza kupanga vitu kwa umuhimu wake.

Mpango huo ulitoka kwa Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore nchini India, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ili achunguze hesabu ambayo ilikuja kuitwa mgeuzo wa kosini. Ombi lilikataliwa, na kwa kumbukumbu zake mwenyewe mmoja wa waliolipitia aliliona wazo hilo kuwa jepesi mno. Ahmed hakuliacha. Akishirikiana na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao, alichapisha makala ya kurasa chache mnamo Januari 1974, na wazo likawa mali ya yeyote atakayelisoma. Si mara nyingi jopo la wafadhili limekosea kwa kiasi hiki: karibu kila picha na video inayopita katika simu leo imepitia hesabu hiyo au ndugu yake wa karibu.

Msingi wake ni wa kale zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Joseph Fourier, akichunguza namna joto linavyosambaa katika vitu, alionyesha kwamba mstari wenye umbo lolote unaweza kuelezwa kuwa jumla ya mawimbi mengi, mengine mapana na mengine mafupi. Mgeuzo wa kosini huifanyia picha jambo hilohilo. Kipande cha pikseli nane kwa nane kina namba 64, na mgeuzo hutoa namba nyingine 64, ya kwanza ikieleza wastani wa kipande chote, zinazofuata zikieleza mabadiliko ya polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na za mwisho zikieleza mabadiliko ya ghafla, kama vile nywele, nyuzi za kitambaa au kingo za herufi. Mpaka hapo hakuna kilichopungua, kwa kuwa namba 64 zimezaa namba 64. Lakini katika picha za kawaida namba chache za mwanzo hubeba karibu sura yote, na zile za mwisho hukaribia sifuri. Basi mhandisi huzigawanya namba zote kwa vigawanyo alivyovichagua, vidogo kwa zile za mwanzo na vikubwa kwa zile za mwisho, kisha hubakiza namba kamili iliyo karibu. Nyingi zinakuwa sifuri halisi, na msururu wa sifuri huandikwa kwa msimbo mfupi sana wa Huffman. Kutupa hufanyika katika hatua hiyo ya kugawanya, na kilichotupwa hapo hakirudi tena.

Jicho lenyewe lilitoa ruhusa ya ziada. Binadamu huona tofauti za mwanga na giza kwa ukali, lakini tofauti za rangi huziona kwa ulegevu, na udhaifu huo ulikwishatumika katika mfumo wa runinga za rangi wa Marekani wa mwaka 1953, ambao ulitenga nafasi ndogo ya masafa kwa rangi na kubwa kwa mwangaza. Wabanaji wa picha waliurithi mtindo huo: picha hutenganishwa kwanza katika tabaka moja la mwangaza na mawili ya rangi, kisha tabaka za rangi hupunguzwa hadi nusu ya upana na mara nyingi nusu ya kimo pia, jambo linaloondoa nusu ya data kabla hata mgeuzo haujaanza.

Kuyakusanya mambo haya yote katika kiwango kimoja, yaani utaratibu unaokubaliwa na nchi na makampuni mengi ili faili lililotengenezwa na mmoja lifunguliwe na mwingine, ilikuwa kazi ya kamati. Mwaka 1986 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Viwango waliungana na wenzao wa chombo cha kimataifa cha simu na telegrafu, wakaunda kikundi ambacho herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza ni JPEG. Walichokilenga hakikuwa intaneti. Mawazo yao yalikuwa kwenye huduma za maandishi na picha kupitia simu za mezani, za aina ya Prestel ya Uingereza na Minitel ya Ufaransa, na kwenye laini mpya za simu zilizobeba biti 64,000 kwa sekunde. Picha ya ukubwa wa skrini ya runinga ya Ulaya, pikseli 720 kwa 576, ingechukua zaidi ya sekunde 100 kupita katika laini hiyo. Kamati ilitaka ipite kwa takriban sekunde kumi.

Mwaka 1987 mapendekezo 12 yaliwekwa mezani, yakachujwa hadi matatu, na Januari 1988 yakashindanishwa huko Copenhagen, ambako watazamaji walizipima picha zilizobanwa kwa macho yao, kila moja ikilinganishwa na ile ya asili. Pendekezo lililotumia mgeuzo wa kosini lilishinda. Gregory Wallace, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alieleza matokeo mwaka 1991: kwa wastani wa nusu biti hadi robo tatu ya biti kwa kila pikseli picha huwa nzuri hadi nzuri sana, na kwa biti moja na nusu hadi mbili kwa kawaida haitofautiki na ile ya asili, wakati picha isiyobanwa ya aina waliyoanza nayo ilihitaji biti 16. Kiwango kilipitishwa rasmi mwaka 1992.

Inafaa kukumbuka kwamba ubora huu uliopimwa kwa macho ulitegemea macho ya nani na picha za nani. Maabara nyingi za fani hii zilitumia kwa miongo picha moja ya majaribio, ya mwanamke wa Sweden aitwaye Lena, iliyokatwa mwaka 1973 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California kutoka gazeti la Playboy la Novemba 1972. Kila kanuni mpya ya ubanaji ilibidi ionyeshe uwezo wake juu ya uso huohuo, bega hilohilo na kofia ileile yenye manyoya. Malalamiko ya wanasayansi wanawake yalisikilizwa pole mno, na ni kuanzia Aprili 2024 tu ambapo jumuiya ya kompyuta ya taasisi ya wahandisi IEEE iliacha kupokea makala zenye picha hiyo. Fani iliyojivunia kupima kila kitu ilikaa nusu karne bila kujiuliza kipimo chake kimetoka wapi.

Uamuzi wa busara kuliko yote uliofanywa na kamati haukuwa wa hisabati. Ulihusu hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kumzuia mwingine asitumie uvumbuzi wake bila kibali au malipo. Kamati ilikusudia kwamba sehemu ya msingi ya kiwango iweze kutumiwa na mtu yeyote bila kulipa. Kulikuwako njia ya misimbo iliyobana vizuri kidogo kuliko ile ya Huffman, lakini ilikuwa imefungwa na hataza za IBM na makampuni mengine, nayo ikaachwa kuwa nyongeza ya hiari ambayo karibu hakuna aliyeitumia. Oktoba 1991, kiwango kikiwa bado hakijapitishwa, kikundi cha kujitolea kilichoongozwa na Tom Lane kilitoa programu ya kubana na kufungua picha za JPEG pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ikawa halali kwa yeyote kuichukua na kuiingiza katika bidhaa yake. Ndani ya miaka michache ilikuwa imo kila mahali. Namba ya ubora ya kuanzia 1 hadi 100 ambayo watumiaji huiona wanapohifadhi picha haimo katika kiwango chochote. Ni kipimo cha waandishi wa programu, ndiyo maana 70 ya programu moja si lazima ilingane na 70 ya programu nyingine.

Wakati kamati ikijadiliana, umbizo jingine, yaani utaratibu mwingine wa kupanga data ndani ya faili, lilikuwa limekwishashika njia. Kampuni ya CompuServe ya Ohio, iliyotoa huduma za kompyuta kwa wateja kupitia simu, ilitangaza GIF mnamo Juni 1987, kazi iliyoongozwa na Steve Wilhite. GIF haitupi pikseli, lakini haikubali zaidi ya rangi 256 katika picha moja, hivyo inafaa kwa nembo, ramani na michoro, na huharibu nyuso za watu kwa kuzitia madoadoa. Ubanaji wake ulitumia njia iliyoanzishwa na Waisraeli Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1978 na kuboreshwa na Terry Welch katika makala ya mwaka 1984. Wengi walioisoma makala hiyo hawakujua kwamba mwajiri wa Welch alikuwa ameiombea hataza, na kwamba hataza hiyo, iliyotolewa mwaka 1985, ilikuwa imehamia kwa kampuni ya Unisys.

Bomu hilo lililipuka mwishoni mwa Desemba 1994, CompuServe na Unisys zilipotangaza kwamba waandishi wa programu zinazotengeneza GIF watatakiwa kulipa. Mtandao wa kurasa zenye picha ulikuwa na umri wa takriban miaka miwili tu, tangu kivinjari cha Mosaic cha Chuo Kikuu cha Illinois kilipoanza mwaka 1993 kuonyesha picha ndani ya ukurasa badala ya katika dirisha la pembeni, na GIF ilikuwa imetapakaa humo. Hasira zilizaa matunda kwa haraka isiyo ya kawaida: Januari 1995 Thomas Boutell alitoa rasimu ya umbizo mbadala, watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakaliboresha kwa barua pepe, na Oktoba 1996 umbizo hilo, PNG, likapitishwa na shirika linaloratibu viwango vya mtandao. PNG lilikubali mamilioni ya rangi, lilibana vizuri zaidi, na halikuwa na mdai. Hata hivyo vivinjari vililipokea kwa uvivu; Internet Explorer, kilichotawala mwanzoni mwa karne, hakikuonyesha ipasavyo uwazi wake, yaani sehemu za picha zinazoacha usuli uonekane, hadi toleo la mwaka 2006. GIF nayo ikaponea kwenye picha zinazocheza, na hataza ya Marekani ikafa yenyewe Juni 2003.

Katika miaka hiyo kupunguza uzito wa picha kulikuwa sehemu ya ufundi wa mtengeneza tovuti. Modemu ya kasi ya mwaka 1994, kifaa kilichounganisha kompyuta na waya wa simu, ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde, kwa hiyo picha ya kilobaiti 100 ilihitaji takriban nusu dakika, na ukurasa wenye picha tano ulikuwa mtihani wa subira. Fundi mzuri alijua kuikata picha, kupunguza vipimo vyake kwanza na ubora baadaye, kuchagua JPEG kwa nyuso na GIF kwa maandishi, na kusimamisha mkono kabla vipande vya nane kwa nane havijaanza kuonekana wazi kama shupatu za mkeka. Mwaka 1999 Adobe iliingiza katika toleo la 5.5 la Photoshop dirisha maalumu lililoonyesha picha ya asili na iliyobanwa bega kwa bega, uzito wa faili ukiwa umeandikwa chini yake, na maarifa yaliyokuwa ya wachache yakawa ya kubofya.

JPEG lenyewe halikuepuka mahakama. Mwaka 2002 kampuni ya Texas iitwayo Forgent, iliyorithi hataza ya mwaka 1987 kupitia ununuzi wa kampuni nyingine, ilidai kwamba umbizo hilo linakiuka haki yake, na kwa miaka miwili ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa makampuni yapatayo 30. Mwaka 2006 ofisi ya hataza ya Marekani, ikiichunguza upya kwa ombi la wakfu wa kutetea umma, ilibatilisha madai makuu kwa kuwa wazo lilikwishakuwapo kabla. Waliolipa walikuwa wamekwishalipa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa bei. Hadi mwaka 2009 pwani yake haikuwa imeunganishwa na mkongo wowote wa baharini wa mawasiliano, na intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na yenye kasi ndogo. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, ukitua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo TEAMS uliifikia Mombasa kutoka Fujairah katika Ghuba, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Njia ilipanuka, lakini mtumiaji wa mwisho aliendelea kununua data kwa vifurushi, au bando kama vinavyoitwa mitaani, na kila picha iliyofunguka ilikata salio. Ndiyo sababu kivinjari cha Opera Mini, kilichosambazwa duniani mwaka 2006 na kampuni ya Norway, kilipata wafuasi wengi katika simu ndogo za bara hili: ukurasa ulipitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni, picha zikabanwa upya huko, na simu ikapokea sehemu ndogo tu ya uzito. Kuanzia hapo aliyeamua nini kiachwe hakuwa tena mpigapicha wala mwenye tovuti.

Programu za kutumiana ujumbe zililikamilisha badiliko hilo. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, hupunguza vipimo vya picha na kuibana upya kabla ya kuituma, bila mtumaji kuulizwa, na huondoa pia taarifa zilizofichwa ndani ya faili kama vile tarehe, aina ya kamera na mahali ilipopigwa. Hilo la mwisho lina manufaa kwa usalama wa mtu na hasara kwa kumbukumbu, kwa sababu picha ya msiba au ya harusi iliyozunguka katika vikundi vya familia hufika ikiwa haina mwenyewe wala siku. Ikipakuliwa, ikapunguzwa tena na kupandishwa kwingine, hasara hujilimbikiza: kila ubanaji mpya hukadiria makadirio ya ule uliotangulia, kingo za herufi huota ukungu na rangi za ngozi hugawanyika katika mabaka. Mwaka 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la kutuma kwa ubora wa juu, lakini ubora wa kawaida ulibaki kuwa ndio unaotumika pale mtumaji asipochagua kitu.

Warithi wa JPEG wamekuwa wengi, na wengi wao ni bora kuliko yeye. JPEG 2000, lililotumia hesabu tofauti ya mawimbi mafupi, lilipata makazi katika sinema za kidijitali na likakosa mtandao. Google ilitoa WebP mwaka 2010, ikitumia ufundi wa video iliyoununua pamoja na kampuni ya On2, na ilidai kupunguza uzito kwa robo hadi theluthi. Firefox ililikubali mwaka 2019 na Safari mwaka 2020. Apple ilianza mwaka 2017 kuhifadhi picha za iPhone katika umbizo la HEIC, linalobana vizuri lakini limezungukwa na hataza, hata simu hizo zenyewe mara nyingi huzigeuza kuwa JPEG zinapozituma kwingine. AVIF, la muungano wa makampuni yaliyochoshwa na hataza hizo, lilikamilika mwaka 2019. JPEG XL, linaloweza kulifupisha faili la zamani la JPEG bila hasara na kulirudisha lilivyokuwa, liliondolewa na Google katika kivinjari chake kwa uamuzi wa mwaka 2022, kisha Apple ikalipokea mwaka uliofuata.

JPEG, mzee wa mwaka 1992, bado yuko kazini, kwa sababu alifika mapema, hakudai malipo, na programu yake ilikuwa mikononi mwa kila mtu kabla washindani hawajazaliwa. Kwa ubora wa ubanaji peke yake angalikwishastaafishwa zamani. Faili la JPEG lililohifadhiwa mwaka 1993 hufunguka leo katika simu yoyote. Lakini hakuna umbizo, la zamani wala jipya, linaloweza kurudisha kilichoachwa wakati wa kubana, na programu zinazodai kuzing'arisha picha hizo hubuni maelezo ambayo kamera haikuyaona. Vyumba vya habari, makumbusho na familia zinazoweka picha zao mtandaoni zinapaswa basi kutunza faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera, na kubana nakala tu.